Tumeombwa kumpokea kijana wa miaka 15 anayesubiri kesi yake. Naomba ushauri wa sheria na wa malezi

Mama wa Uyole, Mbeya

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Jina letu, mimi na mume wangu, limo katika orodha ya familia za kuaminika za halmashauri, yaani zile ambazo ustawi wa jamii huzikimbilia pale mtoto anapookotwa kituo cha mabasi au anapoondolewa katika nyumba yenye ukatili. Tumekwisha kuwapokea watoto wa namna hiyo na tunamshukuru Mungu kwamba wote waliondoka salama.

Safari hii afisa ustawi wa jamii ametuletea ombi la aina nyingine. Kuna kijana wa miaka 15 aliyetolewa kijijini, mkoa mwingine, kuja kusaidia kazi dukani. Mwajiri wake amemshtaki kwa wizi wa fedha za mauzo. Kosa lenyewe lina dhamana na hakimu hakuizuia, lakini kijana hana wa kumdhamini, kwa kuwa baba yake alikwisha fariki, mama yuko mbali na hana hata nauli, na mtu pekee anayefahamiana naye hapa mjini ndiye mlalamikaji. Kwa sababu hiyo amebaki mahabusu ya watoto, huku kesi ikiahirishwa kila mara kwa kukosekana mashahidi. Afisa anauliza kama tungekuwa tayari akae kwetu hadi shauri litakapokwisha.

Moyo wangu unataka kukubali. Hata hivyo tuna binti wa miaka 12, tuna majirani wanaoona na kusema, na hatuna fedha za ziada. Naomba kujua kama jambo hili lina msingi katika sheria au ni mpango wa afisa mwenyewe tu, nini kitatupata iwapo kijana atatoroka, na, juu ya yote, kama kweli linamsaidia mtoto au linamhamisha tu kutoka sehemu moja ya kusubiri kwenda nyingine.

Msaidizi wa Kisheria, Dodoma

Dada yangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kukubali, kwa sababu wengi hukubali kwanza kwa huruma na maswali huanza baadaye, mambo yakiwa yameharibika.

Msingi wa sheria upo, tena ni imara. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, na kifungu chake cha 119 kinasema wazi kwamba mtoto hatapewa adhabu ya kifungo. Baada ya kumtia hatiani kwa kosa ambalo mtu mzima angefungwa, mahakama ya watoto inaweza kumwachia bila amri yoyote, inaweza kuamuru arudishwe kwao kwa gharama ya Serikali, na inaweza kumkabidhi kwa mtu wa kuaminika au taasisi itakayotajwa katika amri, mradi mtu huyo yuko tayari kuubeba wajibu huo. Naomba uyashike maneno hayo ya mwisho. Ridhaa yenu ni sharti la kisheria, kwa hiyo hakuna afisa wala hakimu anayeweza kuwatwika mtoto ambaye hamjakubali kumpokea, na mnayo nafasi ya kutaja mnachohitaji kabla ya kukubali. Sheria hiyohiyo inaruhusu mtoto asiyepata dhamana akabidhiwe kwa mtu wa kuaminika hata kabla ya hukumu, na hapo ndipo kijana huyu anapoangukia.

Huu si uvumbuzi wa Tanzania. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unaelekeza katika ibara ya 37 kwamba kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo, na ibara ya 40 inayataja malezi ya kambo kwa jina miongoni mwa njia za kumshughulikia mtoto aliyekinzana na sheria. Kanuni za Beijing za mwaka 1985, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto wenye kesi za jinai, zilikuwa zimekwisha kusema kwamba mahabusu ya kusubiri kesi ibadilishwe, kila inapowezekana, kwa uangalizi wa karibu au kwa kumweka mtoto katika familia.

Sasa tofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Mdhamini hutia saini bondi kwamba mshtakiwa atahudhuria mahakamani, na asipohudhuria mdhamini anaweza kudaiwa kiasi alichojifunga nacho. Mtu wa kuaminika hukabidhiwa mtoto kwa amri ya mahakama ili amlee na kumlinda kwa kipindi kilichowekwa. Mlezi wa kambo, kwa maana ya Kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012, hupitia maombi, uchunguzi wa familia na kibali, na mara nyingi hukaa na mtoto kwa muda mrefu zaidi. Kwenu mnaombwa hili la pili. Mkipewa karatasi ya kusaini, isomeni yote, na mkiona neno bondi, ulizeni papo hapo limeingiaje. Akitoroka, wajibu wenu ni kutoa taarifa bila kuchelewa kwa afisa ustawi na polisi, na muiweke kwa maandishi yenye tarehe na saa.

Mlezi, Temeke

Mama, pole na majukumu. Sisi tulimpokea kijana wa aina hii, umri uleule, tuhuma za kuvunja kibanda cha simu, kwa hiyo nitaacha sheria kwa wanaoijua na nitakueleza ya nyumbani.

Jambo lililotushangaza mwanzoni lilikuwa utii wake. Kila jioni, ilipokaribia saa kumi na mbili, aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama karibu na mlango wa uani, mikono nyuma, akanyamaza. Tulidhani anapanga kutoroka. Mume wangu ndiye aliyemuuliza, na kijana akajibu kwamba alikuwa anangoja kuhesabiwa. Kule alikotoka walihesabiwa muda huo kabla ya kufungiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba huku hakuna kuhesabiwa. Tangu jioni ile tulimpa kazi ya saa kumi na mbili, kuwasha jiko na kuchemsha maji ya kuoga, na polepole ile tabia ikaisha. Nakutajia hili ili usiupokee utii wa siku za mwanzo kama dalili kwamba kila kitu kiko sawa. Kwetu ukorofi ulikuja baadaye, alipoanza kuamini kwamba hatutamrudisha, na kwa maoni yangu ukorofi ule ulikuwa na afya kuliko ule ukimya.

Kuhusu binti yako, usione haya kumuuliza afisa tuhuma zote kwa undani, pamoja na yaliyowahi kutokea kabla ya hapo. Kama kungekuwa na tuhuma za kijinsia, ningekwambia kataa moja kwa moja, na afisa mwenye busara asingekuomba ukiwa na mtoto mdogo ndani. Kwa tuhuma za fedha za dukani, weka tu utaratibu wa kawaida wa nyumba yenye watoto wakubwa wa jinsia tofauti: chumba chake, muda wake wa kuoga, milango kubishwa hodi, na mtu mzima kuwepo nyumbani nyakati zote za wiki za mwanzo. Binti naye aambiwe mapema kwamba ana ruhusa ya kusema lolote linalomkwaza, wakati wowote, bila kuonekana mchoyo wa nafasi.

Majirani wanahitaji maneno machache. Sisi tulimwambia mwenyekiti wa mtaa peke yake, kwa kuwa afisa alituelekeza hivyo, na wengine waliambiwa kwamba ni kijana tunayekaa naye kwa muda. Kisha ikatokea simu ya mpangaji wa nyumba ya pili ikapotea. Macho yote yakaelekea kwetu, ingawa wengi hawakujua chochote kuhusu kesi, kwa sababu tu alikuwa mgeni. Kijana alikuwa kwa fundi wa magari siku ile tangu asubuhi hadi jioni, na fundi alisimama akasema hivyo mbele ya mwenyekiti. Simu haikuonekana hadi leo, na jirani huyo hakurudi kutusalimu kama zamani. Kwa hiyo mtafutieni kijana shughuli yenye mtu mzima anayejua alipo saa zote, iwe shule, ufundi au kazi ya mikono ya halali inayolingana na umri wake, na muiandike kwenye daftari. Daftari lile lilimlinda yeye kuliko lilivyotulinda sisi.

Fedha hatukupewa. Tulipata gunia la mahindi kutoka kanisani na sare za shule kutoka kwa msamaria, basi. Nauli za kwenda mahakamani zilitoka mfukoni mwetu, na kesi za watoto huahirishwa mno.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba niseme upande ambao haujasemwa. Nina duka. Nimewahi kuibiwa na kijana niliyemlisha na kumlaza, na hasara ile ilinirudisha nyuma kwa muda mrefu. Nikisikia kwamba mtuhumiwa anahamishiwa kwenye nyumba yenye kitanda na televisheni, wakati mimi niliyeibiwa sijaitwa hata mara moja kuelezwa kesi imefikia wapi, najiuliza haki iko wapi. Sisemi watoto wafungwe. Nasema mkimtoa mahabusu, mwambieni pia aliyeibiwa, na awepo mtu wa kuwajibika kwa kilichopotea. Vinginevyo wafanyabiashara wataacha kwenda polisi na watamalizana na watoto hawa mitaani kwa mikono yao, na sote tunajua mwisho wake unakuwaje.

Afisa Ustawi Mstaafu, Tanga

Ndugu Mfanyabiashara, umesema kweli, na aliyekutendea hivyo bila kukupa taarifa hakukutendea haki. Naomba nikujibu kwa utaratibu, kisha nirudi kwa mama.

Kesi haiondoki mtoto anapohamia kwa familia. Tarehe za mahakama zinabaki palepale, mashahidi wanaitwa vilevile, na akipatikana na hatia mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, ambayo sheria inaruhusu ilipwe na mzazi au mlezi. Nimeshuhudia mashauri ambayo mlalamikaji, mtoto na mama yake walikaa pamoja ofisini kwetu, mtoto akaeleza alichofanya na kilichobaki, na wakakubaliana namna ya kurejesha kidogo kidogo. Mazungumzo ya namna hiyo hufanyika kwa urahisi zaidi mtoto akiwa nyumbani kwa watu kuliko akiwa nyuma ya ukuta, kwa sababu anaweza kufanya kazi ndogo na kulipa. Tofauti na mashauri hayo ni kwamba kijana huyu bado hajahukumiwa, na huenda fedha hizo hakuziiba. Wapo watoto wa kazi za ndani na wa dukani wanaoshtakiwa siku ileile waliyodai mishahara yao. Sijui kama ndivyo ilivyo hapa, na ndiyo maana ipo mahakama.

Sasa, mama, umeuliza kama jambo hili linamsaidia mtoto. Mimi nilifanya kazi hii hadi kustaafu, na kwa niliyoyaona watoto walioishia mahabusu hawakuwa wale wenye makosa makubwa kuliko wenzao. Walikuwa wale waliokosa mtu. Vijana wawili walikamatwa pamoja kwa kosa moja, mmoja mjomba wake akaja na barua ya mtendaji akaondoka naye, mwenzake aliyetoka mkoa mwingine akabaki. Tofauti yao ilikuwa mjomba. Mahabusu za watoto zenyewe ziko katika mikoa michache tu, Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Kilimanjaro, Mbeya na Mtwara, hivyo mtoto anayekamatwa Katavi au Kigoma, akikosa mdhamini, huishia katika selo za polisi au katika gereza la watu wazima. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipotembelea sehemu hizo na kutoa taarifa yake mwaka 2011, iliwakuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Kwangu mimi familia ya kuaminika ni mjomba anayetafutwa na Serikali kwa niaba ya mtoto asiye na mjomba, na nasikitika kwamba baada ya miaka yote hii orodha za familia hizo bado ni fupi na halmashauri nyingi hazitengi hata nauli ya kuzitembelea.

Ukimpokea, mdai afisa mambo mawili. La kwanza ni kutembelewa, kwa ratiba iliyoandikwa, maana afisa anayesema "nitapita pita" hatapita. Ana kata nyingi na pikipiki isiyo na mafuta. La pili ni ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile inayoeleza maisha ya mtoto, familia yake, shule aliyoiachia njiani na sababu zake, ambayo hakimu huitumia kuamua hatua ya kuchukua. Wewe utakayekaa naye utamjua kuliko yeyote atakayeandika ripoti hiyo, kwa hiyo omba kuhojiwa, na useme yale mazuri na yale magumu.

Mtanzania aliyeko Leeds

Shikamoo mzee, na heshima kwa wote. Nafanya kazi na vijana walio chini ya uangalizi wa halmashauri hapa Uingereza. Nimesoma swali la Mama wa Uyole mara mbili, kwa sababu sehemu yake ya mwisho ndiyo ambayo watafiti wa huku wameihangaikia kwa muda mrefu.

Mpango uliochunguzwa zaidi ulianzia Marekani, katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, mwaka 1983, chini ya mtafiti Patricia Chamberlain na wenzake, na leo unaitwa Treatment Foster Care Oregon. Kijana aliyezoea kuvunja sheria huwekwa peke yake, bila mwenzake wa aina hiyo, katika familia iliyofunzwa, kwa kawaida kwa miezi sita hadi tisa. Mwaka 1998 walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 79 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaenda kwa familia na wengine katika nyumba za makundi, yaani makazi ambako vijana wengi wa aina hiyo huishi pamoja. Walioishi na familia walirudi kwenye makosa kwa kiwango kidogo zaidi na walitumia siku chache zaidi kizuizini. Kuhusu kutoroka, ambako kunakutia wasiwasi, zaidi ya nusu ya waliokuwa katika makundi walitoroka angalau mara moja, na kwa familia ni kama theluthi. Kwa hiyo hata familia zilizofunzwa na kulipwa vizuri zilitorokwa, na ikitokea kwako usijihukumu kwamba umeshindwa.

Watafiti wale waliamini kwamba siri kubwa ni kumtenga kijana na kundi la wenzake wenye mwelekeo uleule na kumweka karibu na mtu mzima anayemfuatilia kila siku. Ukiwaweka vijana kumi wenye mashtaka katika bweni moja, hata kama walezi wao ni watu wema, walimu wao halisi usiku watakuwa wenzao. Mlezi naye haachwi peke yake: mtu wa mpango humpigia simu kila siku ya kazi, akimuuliza maswali mafupi yaleyale kuhusu siku iliyopita, kama kijana alibishana, kama alidanganya, kama alirudi kwa wakati. Haya ndiyo ningependa myachukue, kwa kuwa simu moja fupi inawezekana Mbeya kama inavyowezekana Oregon. Muombe afisa, au mtu wa kujitolea wa shirika linalofanya kazi hapo kwenu, awapigie kila siku kwa majuma ya mwanzo.

Ila kuna fundisho chungu kutoka huku Uingereza. Bodi ya hapa inayosimamia mashauri ya jinai ya vijana ilijaribu mpango uliofanana na huo kuanzia mwaka 2005 kama mbadala wa kifungo, na tathmini iliyotoka mwaka 2010, iliyowafuatilia vijana 47, ilionyesha kwamba walipokuwa katika familia hizo makosa yalipungua sana wakilinganishwa na wenzao, lakini mwaka mmoja baada ya kuondoka tofauti ile ilikuwa imefutika. Walirudi kwenye nyumba zilezile na mitaa ileile, na kazi na wazazi wao haikuwa imefanyika kwa kina cha kutosha. Jambo hili linaniuma kwa sababu nimewaona vijana hao kwa macho yangu: anakuja kututembelea ofisini wiki chache baada ya kurudi kwao, bado amevaa jaketi alilonunuliwa na mlezi, na tayari anatajwa katika tukio jipya.

Kwa hiyo, Mama wa Uyole, swali lako kama mnamhamisha tu kutoka sehemu moja ya kusubiri kwenda nyingine linajibiwa na kile kitakachofanyika kijijini kwa mama yake katika miezi ambayo yeye atakuwa kwenu. Kama mama huyo hatapigiwa simu na hataelezwa kesi, na ikiwa umaskini uliomfanya amtoe mwanawe akafanye kazi mjini hautaguswa, mtamrudisha kijana kwenye mlango uleule alikotokea.

Nizungumzie na fedha, kwa sababu naona watu wanaipita haraka. Hapa England na Wales sheria ilibadilishwa mwaka 2012, na tangu hapo kila mtoto anayenyimwa dhamana anahesabiwa kuwa mtoto wa halmashauri, na halmashauri inabeba gharama zake. Walezi hulipwa posho. Sisemi Tanzania inaweza kulipa viwango hivyo. Nasema mtoto anayelishwa mahabusu analishwa kwa fedha ya umma, na akihamia kwa Mama wa Uyole fedha ile haimfuati. Wenye nafasi ya kusema na madiwani wao na waliseme hili.

Msomaji wa Mombasa

Hongereni kwa mjadala wa maana. Kwetu Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12, na imeitambua pia kafala, ambayo Waislamu wa pwani tumeijua siku zote: kumchukua mtoto ukamlea bila kumbadilisha nasaba. Kafala haikuwekwa kwa ajili ya watoto wenye kesi, wala simshauri mtu kuichanganya na amri ya mahakama. Nimeitaja kwa sababu maafisa wa watoto huku hulalamika kuwa familia za kuwapokea vijana wakubwa hazipatikani, ilhali nyumba zinazolea watoto wa ndugu na wa majirani zimejaa katika kila mtaa. Labda hazijafikiwa na watu wanaoaminiwa nazo, imamu, padri, mwalimu wa madrasa. Mama, kama una kiongozi wa dini unayemwamini, mshirikishe, ila usimtajie jina la mtoto mpaka afisa akuruhusu.

Mama wa Uyole, Mbeya

Nashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake, na Ndugu wa Mwanjelwa nakuelewa, maana soko hilo ni letu sote.

Tumekaa na mume wangu na binti yetu, na tumekubali kumpokea kwa masharti. Tumemwandikia afisa tukimwomba ratiba ya kututembelea na mtu wa kutupigia simu. Tumeomba pia mama wa kijana atafutwe kupitia mtendaji wa kijiji chao, aelezwe mwanawe yuko wapi, na apewe namba yetu. Fundi seremala wa jirani amekubali kukaa naye mchana. Kilichobaki ni mahakamani, ambako sijawahi kuingia. Naomba kuelezwa siku hiyo itakuwaje na niende na nini.

Msaidizi wa Kisheria, Dodoma

Dada yangu, usiogope. Mahakama ya watoto hukaa faraghani, katika chumba au siku tofauti na za kesi za watu wazima, kwa hiyo hutakuta umati. Watakuwepo hakimu, afisa ustawi wa jamii, mwendesha mashtaka, mtoto, wakili wake kama anaye, na ninyi. Nendeni wote wawili. Bebeni vitambulisho vya taifa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na nakala ya barua mliyomwandikia afisa, kwa sababu masharti mliyoyataja humo yanaweza kuingizwa katika amri yenyewe, na yakiingia humo yanakuwa na nguvu kuliko ahadi ya mdomo.

Hakimu huenda akawauliza kama mmeridhia kwa hiari, kama mnafahamu tuhuma, na mtoto atalala wapi. Jibuni kwa kifupi na kwa ukweli. Naye kijana ana haki ya kuulizwa anaonaje, na ikiwa hakimu hatamuuliza, mwombeni afisa akumbushe, kwa kuwa kijana aliyeulizwa anatoka mle akijua kwamba amekubaliana na jambo. Ombeni amri itaje tarehe ya mwisho au tarehe ya kupitiwa upya, ili msibaki naye kwa karatasi isiyo na ukomo, na ombeni kauli ya hakimu kuhusu kijana kusafiri nje ya wilaya, kwa sababu mama yake akipatikana mtataka kumpeleka amwone. Kabla ya kutoka hakikisheni mna nakala ya amri yenye muhuri, na namba ya simu ya karani wa mahakama ili muulize kama shauri lipo kabla ya kupoteza nauli.

Kama kijana hana wakili, mwambieni afisa awasiliane na watoa msaada wa kisheria wa wilaya, ambao wamesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi malipo. Fanyeni hilo wiki hii, msingoje tarehe ya kesi.